Kategoria zenye ngazi kwenye databesi: mzazi_id, kushoto-kulia, njia au tebo ya ukoo, uchague ipi?

Ukijenga sistimu yoyote yenye kategoria ndani ya kategoria, iwe ya bidhaa, makala, nyaraka au maswali ya mitihani, kuna siku lazima ukae ujiulize huu mti nauwekaje kwenye tebo, maana tebo ni bapa na mti una matawi. Njia zipo kama tano hivi na kila moja ina watu wake wanaoitetea kweli kweli. Mimi nimeshazitumia zote kwenye kazi na nina msimamo, nausema hapa hapa mwanzo ili usome ukijua naelekea wapi: anza na mzazi_id (kolamu inayotaja mzazi wa kila kategoria), kusoma kukiwa kuzito ongeza tebo ya ukoo (tebo ya pili inayoandika kila babu na mzao wake) pembeni yake, na hizo nyingine zitumie pale tu unapokuwa na sababu unayoweza kuitaja kwa mdomo wako.

Tutumie mti mmoja kote ili tulinganishe kitu kile kile:

```
1 Elektroniki
  2 Kompyuta
    3 Laptopu
    4 Vifaa vya kompyuta
      5 Kibodi
  6 Simu
    7 Chaja
```

Saba tu, lakini zinatosha kuonyesha kila kitu.

Kwanza tuitoe njiani ile ya kolamu za ngazi, yani tebo ina kolamu kategoria, kategoria_ndogo, kategoria_ndogo_2 basi. Wengi tunaanzia hapo kwa sababu inafanana na excel na kwa wiki mbili za kwanza inaonekana iko poa kabisa. Halafu anakuja mtu anataka ngazi ya nne. Unaongeza kolamu, unagusa kila kwiri (swali unaloiuliza databesi), kila fomu, kila ripoti, na jina "Kompyuta" limejirudia kwenye mistari mia nne na mtu mmoja kaliandika "Komputa", sasa menyu inaonyesha kategoria mbili. Usiifanye. Isipokuwa kama ngazi zako ni vitu tofauti kwa asili yake, mfano nchi, mkoa, wilaya, ambapo mkoa una taarifa zake ambazo wilaya haina na hakuna siku wilaya itageuka kuwa nchi. Hapo ngazi hazibadiliki, na tebo tatu zilizounganishwa ni sahihi kabisa, tena bora kuliko mti.

Sasa mzazi_id. Tebo moja, kila mstari unamjua mzazi wake na mzizi mzazi wake ni NULL, yani hana:

```sql
CREATE TABLE kategoria (
  id        INT PRIMARY KEY,
  jina      VARCHAR(100) NOT NULL,
  mzazi_id  INT REFERENCES kategoria (id),
  mpangilio INT NOT NULL DEFAULT 0
);
CREATE INDEX ix_mzazi ON kategoria (mzazi_id);
```

(Kwa MySQL andika FOREIGN KEY, yani sharti kwamba mzazi awepo kweli kwenye tebo, kwenye mstari wake mwisho wa tebo, ukiibandika pembeni ya kolamu kama hapo juu matoleo mengi yanaipokea kimya kimya halafu hayafanyi chochote, na wewe unabaki unaamini umelindwa.)

Uzuri wake ni kwamba ukweli umeandikwa mara moja tu. Vifaa vya kompyuta mzazi wake ni 2, hiyo tu, hakuna mahali pengine panaposema kitu tofauti. Unataka kuvihamishia chini ya Simu? Unabadilisha namba moja kwenye mstari mmoja, na Kibodi inafuata yenyewe kwa sababu Kibodi haijui chochote kuhusu babu zake, inamjua mzazi wake tu. Na databesi yenyewe inakukatalia kuweka mzazi asiyekuwepo, ulinzi ambao ile ya njia, tutakayoiona chini, ikisimama peke yake haina.

Lawama yake ya siku zote ni kusoma tawi zima. "Nipe kila kitu kilicho chini ya Kompyuta", zamani hapo ndipo watu walipokwama, ikawa ni ama unajiunga na tebo yenyewe mara nne mara tano kwa kubahatisha kina, ama unaandika lupu kwenye programu inayopiga kwiri moja kwa kila kategoria, kategoria 300 kwiri 300, ukurasa unachukua sekunde nzima kufunguka na unailaumu seva bure. Lakini hiyo lawama ni ya enzi nyingine. Kwiri za kujirudia, yani kwiri inayojiita yenyewe ngazi baada ya ngazi, ziliingia kwenye kiwango cha SQL mwaka 1999, SQL Server ikazipata 2005, PostgreSQL toleo 8.4 mwaka 2009, SQLite 2014, MariaDB 10.2 mwaka 2017, na MySQL ndio ikaja mwisho na 8.0 mwaka 2018. Angalia huo mpangilio vizuri, kwa sababu unaeleza kwa nini mafundisho mengi ya zamani yanakuambia mzazi_id haifai: mengi yaliandikwa na watu wa MySQL wakati MySQL haiwezi, na kwa wakati huo walikuwa sahihi. Leo ni hivi:

```sql
WITH RECURSIVE tawi AS (
  SELECT id, jina FROM kategoria WHERE id = 2
  UNION
  SELECT k.id, k.jina
  FROM kategoria k JOIN tawi t ON k.mzazi_id = t.id
)
SELECT * FROM tawi;
```

Inarudisha Kompyuta, Laptopu, Vifaa vya kompyuta na Kibodi kwa kwiri moja. Kwenye SQL Server unaondoa neno RECURSIVE, na UNION unaandika UNION ALL maana hapo haikubali UNION tupu.

Hiyo UNION sikuiweka kwa bahati. Mzazi_id ina tundu moja la kweli nalo ni mduara: hakuna kitu kinachozuia Kompyuta iwe chini ya Kibodi wakati Kibodi yenyewe iko chini ya Kompyuta. CHECK ya mzazi_id <> id inazuia mtu kujizaa mwenyewe tu, mduara wa hatua mbili au tatu unapita. Ukitumia UNION ALL kwenye mduara kwiri inazunguka mpaka ifikie kikomo, MySQL hukata ikifika mizunguko 1000 na SQL Server ikifika 100, PostgreSQL yenyewe haina kikomo cha hivyo, itaendelea tu. UNION ya kawaida inaondoa mistari iliyokwisha kuonekana kwa hiyo inasimama yenyewe, ila ukiongeza kolamu ya kina inayopanda moja moja kila mzunguko mistari haifanani tena na ulinzi umeisha. Dawa halisi ni kuangalia kabla ya kuhamisha: chukua tawi la ile unayoihamisha, kama mzazi mpya yumo ndani yake, kataa.

Na kuna hii ambayo watu wengi haiwajii akilini. Kategoria zako ni ngapi? Kama ni mia tatu, mia tano, hata elfu mbili, soma tebo nzima kwa SELECT moja uijenge mti kwenye memori ya programu, uiweke kwenye kashe, ubadilishe pale kategoria inapobadilika. Miradi mingi ya kategoria niliyoiona imeishia hapo na haikuhitaji kitu kingine chochote. Naona watu wanahangaika wiki nzima na usanifu mgumu kwa data ambayo ingekaa kwenye faili dogo kuliko picha moja ya bidhaa.

Haya, kushoto-kulia, wenyewe wanaiita nestedi seti. Wazo lake ni zuri sana na nalipenda kwa kweli. Unautembea mti kuanzia mzizi, unampa kila mmoja namba unapoingia na namba nyingine unapotoka. Elektroniki inapata 1 na 14, Kompyuta 2 na 9, Laptopu 3 na 4, Vifaa 5 na 8, Kibodi 6 na 7, Simu 10 na 13, Chaja 11 na 12. Kila kilicho chini ya Kompyuta namba yake ya kushoto iko kati ya 2 na 9, kwiri moja fupi bila kujirudia, na idadi ya walio chini unaipata bila kuhesabu, 9 toa 2 toa 1 gawa kwa 2 ni 3. Safi.

Sasa ongeza Maus chini ya Vifaa, baada ya Kibodi. Maus inapata 8 na 9, kwa hiyo kila namba kuanzia 8 kwenda juu lazima isogee hatua mbili: Vifaa, Kompyuta, Simu, Chaja na Elektroniki, mistari mitano kati ya saba, kwa ajili ya kuongeza kitu kimoja. Kwenye mti wa maelfu ya kategoria kuongeza kimoja upande wa mwanzo wa mti kunaandika upya karibu tebo nzima, na wakati huo hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa.

Hapo "hakuna mwingine anayeruhusiwa" ndipo maumivu yalipo. Kuna kazi nilifika nikakuta kushoto-kulia imeshajengwa, watu wawili wanaingiza data, wote wawili wamefungua ukurasa wa kupanga kategoria jioni moja na programu ilikuwa inasoma namba kwanza halafu inaandika baadaye bila kufunga tebo. Asubuhi yake Chaja iko chini ya Kibodi, kategoria mbili zina namba moja ya kushoto, na nyingine kushoto kwake ni kukubwa kuliko kulia. Hakuna kosa lolote lililotokea kwenye logi, databesi imeona namba halali tu, haijui kwamba zinatakiwa kukumbatiana. Kilichotuokoa ni kwamba aliyejenga mwanzo aliacha kolamu ya mzazi_id kwenye tebo hiyo hiyo, tukautembea mti kutoka mzazi_id tukazalisha namba zote upya. Siku ile ndiyo niliyoamua: mzazi_id haiondoki kamwe kwenye tebo yangu, nitumie njia gani nyingine. Kushoto-kulia naiona inafaa kwa mti unaopakiwa mara moja na kusomwa tu, mfano orodha rasmi ya uainishaji inayobadilika mara moja kwa mwaka. Kategoria ambazo watumiaji wanazihamisha kila siku, hapana.

Ya njia ni rahisi kuelewa. Kila mstari unabeba njia yake nzima kutoka kwenye mzizi, Kibodi inaandikwa /1/2/4/5/. Tawi la Kompyuta ni njia LIKE '/1/2/%', hiyo % ni chochote kinachofuata. Ule mstari wa juu ya ukurasa unaoonyesha Elektroniki, Kompyuta, Laptopu unaupata kwa kuikata njia tu, huhitaji kupanda mti. Ukipanga kwa njia wazazi wanatangulia watoto wao, hilo ni zawadi, ila kumbuka inapanga kama maandishi, /1/10/ inatangulia /1/2/, kwa hiyo ukitaka mpangilio wa kueleweka jaza sifuri mbele ya namba.

Vitu viwili hapa vinawauma watu. Cha kwanza ni ule mkwaju (/) wa mwisho. Ukitafuta LIKE '/1/2%' bila mkwaju utabeba na /1/20/ na /1/27/ ambazo hazihusiani kabisa, na hutaona kosa mpaka kategoria zipite ishirini, yani miezi baada ya kuzindua. Cha pili ni indeksi, ile orodha ya pembeni inayoharakisha kutafuta: kwenye PostgreSQL indeksi ya kawaida haisaidii LIKE ya mwanzo wa neno kama databesi inatumia mpangilio wa herufi wa lugha (collation) tofauti na ule uitwao C, inabidi uitengeneze kwa text_pattern_ops, vinginevyo inasoma tebo nzima na wewe unadhani una indeksi. PostgreSQL ina pia aina yake ya data iitwayo ltree kwa kazi hii hii, inatumia nukta badala ya mkwaju na ina indeksi zake, na SQL Server ina hierarchyid tangu 2008. Kama una uhakika hutahama databesi, hizo ni nzuri kuliko maandishi matupu.

Na tafadhali njia iwe ya id, isiwe ya majina. Jina la kategoria litabadilishwa, hilo litokee mara moja tu utakuwa unaandika upya njia za tawi zima kwa sababu mtu kaongeza herufi.

Kuhamisha kwenye njia kunagusa tawi linalohama peke yake, ukipeleka Vifaa chini ya Simu unabadilisha mistari miwili, Vifaa na Kibodi. Inavumilika. Kinachonisumbua mimi ni kwamba databesi haiwezi kukulinda, hakuna FOREIGN KEY ndani ya maandishi, ukifuta 4 njia za watoto zitaendelea kuitaja 4 milele.

Ya mwisho ni tebo ya ukoo. Hii unaacha kategoria kama ilivyo, unaongeza tebo ya pili yenye kolamu tatu, babu_id, mzao_id na umbali, na ndani yake unaandika kila uhusiano wa babu na mzao, siyo mzazi na mtoto tu, pamoja na kila mmoja na nafsi yake kwa umbali 0. Kibodi inakuwa na mistari minne: yenyewe kwa 0, Vifaa 1, Kompyuta 2, Elektroniki 3. Mti wetu wa saba unazaa mistari 18. Watu wanaogopa hilo, wanadhani itafumuka, lakini piga hesabu, kategoria 5000 ambazo kwa wastani ziko ngazi ya nne ni mistari 20,000 ya namba tatu tatu, kwa databesi hiyo si kitu. Inafumuka tu kama mti ni mrefu kama mnyororo, na kategoria za watu haziendi hivyo, ngazi sita ni nyingi tayari kwa mtu anayebonyeza menyu.

Unachonunua kwa mistari hiyo ni kwamba kila swali linakuwa JOIN (kuunganisha tebo) ya kawaida. Walio chini ya Kompyuta: babu_id = 2. Walio juu ya Kibodi: mzao_id = 5 ukipanga kwa umbali. Watoto wa moja kwa moja: umbali = 1. Inakubali FOREIGN KEY pande zote mbili, inafanya kazi kwenye databesi yoyote hata ya zamani, na kuangalia mduara ni swali moja, je mzazi mpya ni mzao wangu. Kuongeza Maus (tuipe id 8) chini ya Vifaa ni kunakili mistari ya mababu wa Vifaa kwa kuongeza umbali 1, halafu mmoja wa nafsi yake:

```sql
INSERT INTO ukoo (babu_id, mzao_id, umbali)
SELECT babu_id, 8, umbali + 1 FROM ukoo WHERE mzao_id = 4
UNION ALL SELECT 8, 8, 0;
```

Kuhamisha ndiko kunakotaka utulivu: unakata viungo vyote kati ya mababu wa zamani na tawi zima, halafu unaunganisha mababu wapya na tawi zima. Viungo vya ndani ya tawi lenyewe usiviguse, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Vyote ndani ya transaksheni moja, yani vifanikiwe vyote au kisifanyike hata kimoja.

Kwa kuwa mti wetu ni mdogo tunaweza kuhesabu kwa vidole, hii ni idadi ya mistari inayoguswa:

| | kuongeza Maus | kuhamisha Vifaa (na Kibodi) chini ya Simu |
|---|---|---|
| mzazi_id | 1 | 1 |
| kushoto-kulia | 1 mpya, 5 kubadilishwa | 5 |
| njia | 1 | 2 |
| tebo ya ukoo | 1 + 4 za ukoo | 1 + kufuta 4, kuandika 4 |

Ukiangalia hiyo tebo peke yake utasema mzazi_id imeshinda, na kwa kuandika imeshinda kweli. Swali linalobaki ni kusoma. Kama usomaji wako ni menyu na mstari wa juu ya ukurasa, kwiri ya kujirudia au kashe inakutosha, ishia hapo. Kama unatoa ripoti zinazojumlisha mamilioni ya mistari ya bidhaa au mauzo kwa kila ngazi ya kategoria, hapo ongeza ukoo, kwa sababu kujumlisha kwa ngazi zote mara moja kunakuwa JOIN mbili na GROUP BY badala ya kujirudia kwa kila mzizi. Kama uko MySQL 5.7 na hamuwezi kupanda toleo, ukoo tena, kujirudia huna. Kama ni PostgreSQL na unachofanya zaidi ni kutafuta matawi, ltree pamoja na mzazi_id iko vizuri na ni kazi ndogo kuliko ukoo. Na kwa yoyote utakayoongeza, ichukulie kama nakala inayozalishwa kutoka mzazi_id, andika kabisa skripti ya kuizalisha upya kabla hujaihitaji.

Kuna kosa jingine linalojificha kwenye majina. Ukiweka UNIQUE kwenye mzazi_id na jina ili ndugu wawili wasiitwe sawa, itafanya kazi kila mahali isipokuwa kwenye mizizi kwa databesi nyingi, kwa sababu mzazi wa mizizi ni NULL na NULL mbili hazihesabiki kuwa sawa, utapata Elektroniki mbili pale juu kabisa. PostgreSQL tangu toleo 15 inakuruhusu kuandika NULLS NOT DISTINCT, kwingine njia rahisi ni kuwa na mzizi mmoja uliofichwa ambao kategoria zote za juu ni watoto wake.

Na mtu akikuambia kategoria moja iwe na wazazi wawili, muulize kwanza anataka nini hasa. Mara nyingi anachotaka ni bidhaa moja ionekane sehemu mbili, chaja ya laptopu ionekane kwenye Chaja na kwenye Vifaa vya kompyuta. Hilo linatatuliwa na tebo ya kati ya bidhaa na kategoria, mti unabaki mti. Ila sasa uwe makini na hesabu: ukijumlisha bidhaa za Elektroniki nzima hiyo chaja inakuja mara mbili, kwa tawi la Simu mara moja na kwa tawi la Kompyuta mara moja, kwa hiyo ni COUNT(DISTINCT bidhaa_id), na kwa pesa DISTINCT haikusaidii kabisa kwa sababu bidhaa mbili tofauti zenye bei sawa zitahesabiwa kama moja. Toa kwanza orodha ya id za bidhaa zisizojirudia kwenye kwiri ya ndani, halafu ndio ujumlishe bei nje yake.